Msumeno wa Moto wa Zamani: Upi Urudi Kazini, Upi Uhifadhiwe

Hakuna mashine ndogo yenye jina baya Unguja kama msumeno wa moto. Ukitajwa katika kikao cha shehia, hutajwa pamoja na miembe iliyoangushwa usiku, minazi iliyokatwa bila ya mwenyewe kujua na msitu unaozidi kurudi nyuma. Lawama hizo zina msingi. Hata hivyo, mashine hiyo hiyo, ikiwa ilitengenezwa miaka ya 1950, 1960 au 1970 kwa wakataji wa kazi, ina watu wanaoitafuta kwa udi na uvumba Ulaya, Marekani na Australia. Huinunua mbovu, huifungua nati moja moja, huirudishia rangi yake na kuipanga juu ya rafu pamoja na wenzake.

Kwetu misumeno ya umri huo ipo chini ya meza za mafundi na katika mabanda ya shamba, ikisubiri ama spea ama mnunuzi wa vyuma chakavu. Je, ina thamani ya kufufuliwa? Na ikifufuliwa, ifanye nini? Jibu langu ni kuwa thamani ipo, ila ni ya namna mbili ambazo hazikai katika mashine moja. Kuna msumeno wa kazi na kuna msumeno wa kumbukumbu. Anayeanza kufungua skrubu kabla ya kuamua anataka upi huishia kukosa yote mawili: mashine isiyoaminika shambani na isiyosema kweli kabatini.

Ulikotoka

Andreas Stihl alianzisha kampuni yake Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1926, na msumeno wake wa mwanzo ulikuwa wa umeme. Mwaka 1927 Emil Lerp aliujaribu wa petroli katika mlima Dolmar huko Thuringia, na jina la mlima likawa jina la kampuni yake. Stihl akatoa wake wa petroli mwaka 1929. Mashine hizo zilizidi kilo 40 na zilitaka watu wawili, mmoja kila upande wa mti.

Mambo matatu yaliufanya msumeno uingie katika mikono ya mtu mmoja. La kwanza ni kabureta ya kiwambo. Kabureta ya boya, kama ya pikipiki, hutaka ikae wima. Msumeno hulazwa ubavu kila mara, na kiwambo ndicho kilichouwezesha kuunguruma ukiwa umelala. La pili ni wepesi wa vyuma, alumini na magnesiamu, uliozaa mashine kama McCulloch 3-25 ya Marekani mwaka 1949, yenye uzito wa kilo 11 hivi, na Stihl BL mwaka 1950. La tatu ni cheni yenyewe. Meno ya mwanzo yaliiga msumeno wa mkono: yalikwaruza, yakachoka haraka na kutaka kunolewa muda wote. Mwaka 1946 mkataji wa Oregon, Joseph Cox, alimtazama funza wa mbawakawa akitafuna kisiki, akaona taya zake zikikata upande mmoja kisha wa pili. Mwaka uliofuata alianza kuuza cheni yenye meno yaliyopinda kwa mpango huo, kushoto na kulia kwa zamu. Cheni nyingi za leo zinatokana na wazo hilo.

Mwaka 1959 ulitoka Stihl Contra, msumeno wa petroli usio na giaboksi, ambao cheni yake inazungushwa moja kwa moja na injini kupitia klachi. Mwaka huo huo Husqvarna ya Sweden, kiwanda kilichoanza kwa kutengeneza bunduki mwaka 1689, ilitoa msumeno wake wa mwanzo. Baada ya Contra ikaja familia ambayo mafundi wetu wanaijua vizuri zaidi: Stihl 070 ya mwaka 1968, yenye silinda moja ya sentimita za ujazo 106, na kaka yake 090 yenye 137.

Kwa nini mikubwa ilidumu kwetu

Kabla ya injini, mbao za Afrika Mashariki zilipasuliwa kwa msumeno mrefu wa watu wawili, mmoja juu ya gogo na mwenzake shimoni akila vumbi. Injini ilikuja kwanza kwa makampuni na miradi. Katika Usambara Mashariki, kampuni ya Sikh Saw Mills ilivuna magogo ya msitu wa asili kwa msaada wa Finland katika miaka ya 1970 na 1980, hadi kelele za wahifadhi zilipousimamisha uvunaji. Sehemu ya milima hiyo ikawa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani mwaka 1997. Moshi kulifunguliwa chuo cha viwanda vya misitu mwaka 1975, ambako vijana walisomea kupasua mbao na kunoa misumeno. Zanzibar nayo ilikuwa na mradi wake mrefu wa misitu kwa fedha za Finland, uliopanda miti ya mbao na kuni.

Miradi ilipokwisha, mashine zilibaki, na nyingine zikaingia kwa wafanyabiashara. Nchi tajiri ziliendelea mbele na misumeno midogo, myepesi, yenye breki na vipoza mtikisiko. Huku 070 haikuondoka, na sababu zake zinaeleweka. Wapasuaji wetu, kama wenzao wa Uganda na wa Ituri mashariki mwa Kongo, huutumia msumeno wa moto kwa kazi ambayo waundaji wake hawakuikusudia sana: kulipasua gogo kwa urefu wake, bila ya reli, kwa jicho na uzi uliopakwa oili chafu. Kazi hiyo inataka injini kubwa yenye nguvu katika mzunguko wa chini, inayovumilia petroli isiyo safi na fundi asiye na vifaa maalumu. 070 inaweza hayo yote. Ndiyo maana iliendelea kuuzwa katika nchi za joto kwa miongo mingi, na ndiyo maana viwanda vya China viliinakili nati kwa nati.

Kwa mkusanyaji wa Ulaya, 070 ni mashine ya kawaida. Kwetu ndiyo mashine iliyozifanya mbao za paa, milango na vitanda vya kizazi kizima. Hapo tayari tunaona kuwa orodha ya vitu vinavyostahili kuhifadhiwa haiwezi kuazimwa kutoka kwa wengine.

Ujuzi uliopo Mpendae

Mpendae hakuna msitu. Ni mtaa wa Ng'ambo, mjini Unguja, wa nyumba zilizoshikana, maduka na mafundi. Lakini mashine ya shamba huugua shamba na kutibiwa mjini, kwa kuwa mjini ndiko kwenye spea, mashine za kuchongea chuma na watu wa kuchomelea. Mjini pia ndiko kwenye ujuzi wa injini ya tu-stroki, ile isiyo na oili yake na inayotiliwa oili ndani ya petroli. Unguja iliusoma ujuzi huo kwa Vespa za zamani na kwa mashine za boti za wavuvi. Fundi aliyewahi kuifufua Vespa iliyolala miaka kumi uani hahitaji kufundishwa msumeno ni nini. Anahitaji kuonyeshwa unapotofautiana.

Unatofautiana kwanza katika uchunguzi. Kosa la kawaida ni kuvuta kamba ili kuona kama utawaka. Msumeno uliokaa muda mrefu una kutu na vumbi ndani, na kila mvuto unasaga silinda. Mwenye subira huanza kwa kufungua plagi na ekzosti, kisha humulika pistoni kwa tochi kupitia tundu la moshi. Pistoni husema ukweli wote. Ikiwa na mikwaruzo upande wa moshi, injini iliwahi kukosa oili au iliungua kwa kuvuta hewa nyingi kuliko petroli. Ikiwa na mikwaruzo upande wa kabureta, ilimeza vumbi kwa sababu ya chujio bovu. Ya kwanza inakupeleka kwenye sili na mchanganyiko wa mafuta, ya pili inakupeleka kwenye chujio na namna mashine ilivyotunzwa.

Kisha hupimwa kompresheni. Mafundi wana kipimo cha haraka: mashine hushikwa kwa mpini wa kamba na kuachwa ining'inie kwa uzito wake. Ikishuka kwa kusita, hatua kwa hatua, ringi zina uhai. Ikiporomoka kama ndoo kisimani, hazina. Geji hutoa jibu la uhakika zaidi. Injini nyingi za aina hii zikishuka chini ya psi 100 huwa ngumu kuwaka zikiwa za moto.

Kinachosahauliwa zaidi ni sili za krenki. Mpira wake hukakamaa kwa miaka, hewa ikapenya bila ya kupita kabureta, na petroli iliyobeba oili ikapungua. Mashine huwaka, hulia kwa sauti kali ya kupendeza, kisha siku ya tatu hukwama. Mwenyewe humlaumu fundi kwa pistoni, kumbe tatizo lilikuwa mpira wa bei ndogo ambao haukubadilishwa. Kwa msumeno wowote uliopita miaka thelathini, sili na viwambo vya kabureta hubadilishwa hata vikionekana vizima.

Upande wa moto, mashine za zamani zina platini na kondensa. Platini husafishwa kwa msasa laini na kuachiwa nafasi ya takriban milimita 0.4, kondensa iliyochoka hutoa cheche hafifu ya manjano na huichoma platini mpya upesi. Upande wa mafuta, mashine hizi zilitengenezwa kwa oili nyingi, sehemu moja kwa sehemu 25 za petroli kwa oili ya kawaida ya 2T. Anayebana oili leo atanunua silinda kesho.

Mwisho ni cheni na baa, yaani ule upanga wa chuma unaoibeba. Hapa mnazi una neno lake. Mti huu hauna moyo mgumu kama mvule. Ugumu wake upo nje, karibu na gome, na kati ni laini. Ule mzingo wa nje huyala meno ya cheni kwa kasi ambayo aliyezoea mvinje haiamini. Msumeno wa Unguja unaosemwa kuwa hauna nguvu mara nyingi una nguvu zake zote, ila cheni yake ni butu na tupa iliyotumika si ya saizi yake.

Adui ni hewa yetu wenyewe

Anayekusanya mashine katika nchi kavu hupambana na vumbi. Sisi tunapambana na chumvi. Kasha la injini nyingi za zamani ni la magnesiamu, na bolti zake ni za chuma. Metali hizi mbili zikikutana penye unyevu wa chumvi, magnesiamu huliwa polepole na kugeuka unga mweupe, na bolti hushikana nayo kabisa. Anayeifungua kwa nguvu hubakiwa na kichwa cha bolti mkononi na kasha lililopasuka, na kasha la msumeno adimu halina mbadala. Dawa ni mafuta ya kulainisha kutu, joto la kiasi kwenye kasha, na kusubiri, hata siku kadhaa.

Kwa sababu hiyo hiyo, kuusafisha msumeno kwa mchanga wa pwani ni kuupaka ugonjwa. Kuufunga kwenye mfuko wa nailoni nako hakusaidii, kwa kuwa unyevu huingia kisha haupati pa kutokea. Mashine isiyotumika hutolewa petroli yote, huwashwa mpaka izime yenyewe, hutiwa matone ya oili kupitia tundu la plagi, na huwekwa mahali pakavu penye kupitisha hewa, mbali na sakafu.

Njia mbili

Sasa turudi kwenye uamuzi. Spea za 070 zinapatikana kwa wingi na kwa bei rahisi, nyingi zikiwa nakala. Silinda, pistoni, kabureta, koili, hata kasha zima, vyote vinaweza kubadilishwa. Kwa msumeno wa kazi, hiyo ni neema. Kwa msumeno wa kumbukumbu ni hatari, kwa sababu baada ya spea kumi mkononi kunabaki jina tu. Mwenye nia ya kuhifadhi abakishe kila kilichokuja na mashine, pamoja na namba iliyogongwa kwenye kasha, kibandiko kilichofifia na rangi ya asili, hata kama imechubuka. Sehemu mbovu iliyotolewa ifungwe na kuwekwa pamoja na mashine, isitupwe.

Kuna jambo moja ambalo sisi tunapaswa kulifanya kinyume na wenzetu. Mkusanyaji wa Ujerumani akiona mpini uliochomelewa, bushi iliyochongwa kwa mkono au kifuniko kilichokunjwa kwa bati, huviondoa ili mashine irudi ilivyotoka kiwandani. Kwetu marekebisho hayo ndiyo historia. Kiwanda cha Ujerumani kinajua kilitengeneza nini mwaka 1968, na kumbukumbu zake zipo. Hakuna aliyeandika namna fundi wa Ng'ambo alivyoifanya mashine hiyo iishi miaka arubaini bila ya spea. Ukiondoa kazi yake ili kuupendezesha msumeno, umefuta ukurasa pekee uliokuwa wetu.

Zanzibar inao mfano wa kuhifadhi ujuzi kwa kuutenda. Mtepe, jahazi lililoshonwa kwa kamba bila ya misumari, ulikuwa umekwisha kutoweka baharini. Mwaka 2003 ukaundwa upya na kuwekwa katika Jumba la Maajabu. Jumba hilo liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020, jambo linalotufundisha kuwa kitu kimoja katika jengo moja si hifadhi ya kutosha. Ujuzi wa mashine nao unataka kuandikwa, kupigwa picha na kugawanywa.

Mwili wa mkataji na roho ya mti

Wapenzi wa mashine za zamani hawapendi kuzungumzia madhara yake. Msumeno wa kizazi hicho hutikisa. Tangu miaka ya 1960, madaktari wa Japani na wa Ulaya ya kaskazini waliwaona wakataji ambao vidole vyao vinageuka vyeupe na kufa ganzi, kwa sababu mtikisiko huharibu mishipa midogo ya damu. Viwanda vikaweka mipira kati ya mpini na injini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikaja breki ya cheni, inayoisimamisha cheni pale ncha ya baa inapogonga kitu na msumeno kuruka kuelekea usoni kwa mshikaji. Misumeno mingi ya zamani haina breki hiyo.

Hapa mtu atasema kuwa mkataji wa kijijini hana uwezo wa mashine mpya ya bei kubwa, kwa hiyo aliyonayo ifufuliwe. Hoja ni nzito, lakini itazamwe kwa ukamilifu wake. Nakala mpya za 070 zinazouzwa madukani kwa kawaida nazo hazina breki, kwa kuwa umbo ni lile la 1968. Anayeinunua amenunua hatari ya zamani ndani ya rangi mpya. Kwa hiyo swali la kuuliza dukani na kwa fundi ni moja: breki ya cheni ipo na inafanya kazi? Bila ya hiyo, mashine isirudi kazini, hata ikiwaka kwa mvuto mmoja.

Upande wa pili ni mti. Sheria ya misitu ya Zanzibar, Namba 10 ya 1996, inataka kibali cha ukataji, na mikarafuu ina ulinzi wake katika sheria ya karafuu ya 2014. Zaidi ya sheria, Unguja mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwingine, na tangu ugawaji wa eka tatu tatu baada ya Mapinduzi, mipaka ya mashamba imezaa kesi nyingi. Msumeno hummaliza mnazi kwa dakika chache, kabla ya mwenyewe kufika. Vijiji vinavyoizunguka Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, vimetumia miaka mingi kujenga makubaliano ya kutunza misitu yao, na vina haki ya kuuliza kwa nini mtu anakusanya misumeno.

Jibu analopaswa kuwa nalo mkusanyaji ni la vitendo. Aende idara ya misitu kabla ya mashine kuwaka, na sheha wake ajue. Msumeno wa kumbukumbu ukae bila ya cheni, na baa yake iwekwe mbali nao. Kuuwasha kwa dakika mbili ili kuwaonyesha wanafunzi hakuhitaji cheni hata kidogo.

Je, kuna faida?

Ya fedha, ndogo. Soko la ndani halilipi zaidi kwa sababu ya umri, na wanunuzi wa nje hulipa vizuri kwa mashine adimu iliyokamilika, si kwa 070 ambayo ipo kila bara. Uzito wake na harufu ya petroli vinafanya usafirishaji wake kuwa wa tabu na gharama. Anayeingia humu kwa kutafuta utajiri atapoteza muda.

Faida iliyopo ni ya elimu. Injini ya msumeno ni ndogo, inabebeka, na ina kila somo ambalo kijana wa ufundi anatakiwa alijue: mchanganyiko wa mafuta, cheche, kompresheni, ulainishaji, kutu na usalama. Kituo cha mafunzo ya amali cha Mwanakwerekwe kipo jirani na Mpendae, na Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia ipo Mbweni. Mashine tano zilizokamilika, moja ikiwa imekatwa ubavu ili ndani yake ionekane, zingefundisha zaidi ya michoro mingi ya ubaoni. Wazee wa gereji wangealikwa kueleza walivyozitengeneza, na wanafunzi wangeandika.

Kwa hiyo, kwa mwenye msumeno wa zamani bandani kwake, ushauri wangu ni huu. Ikiwa una breki na injini yake haijaungua, utengeneze kwa spea nzuri, upate kibali cha ukataji na ufanye nao kazi. Ikiwa hauna breki lakini umekamilika, usiufanyie kazi na usiupake rangi; uandike umetoka wapi, nani aliutumia, miti gani uliikata na fundi gani aliugusa, kisha uutoe kwa chuo. Ikiwa umebaki kasha tupu, vua kinachofaa kwa spea na kinachobaki kiende kwa vyuma chakavu. Lakini fanya uamuzi huo kabla ya kushika bisibisi, na ufanye maadamu mafundi wanaoijua mashine hiyo bado wapo wa kuulizwa.